Haki ya Kuutua Mzigo: Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi na Njia ya Misafara ya Tabora

Tarehe 1 Mei 1955 Papa Pio XII alitangaza Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili siku ambayo wafanyakazi wa dunia walikuwa wameizoea kama siku ya maandamano iwe pia siku ya Altare. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo, hapa Tanganyika, vyama vya wafanyakazi viliungana na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, yaani TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyepata elimu yake katika Shule ya Serikali ya Tabora. Matukio hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini sisi tunaoishi kwenye njia ya zamani ya misafara tuna sababu ya kuyasoma pamoja.

Mei Mosi mjini Tabora ni siku ya gwaride, fulana na hotuba. Wanaopita mbele ya jukwaa ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wafanyakazi wa reli, ndio kusema wale ambao tayari wana chama. Kibarua wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge siku hiyo yuko kwenye bani au anapanga majani kwa madaraja. Kijana anayechanganya zege kwenye ujenzi wa reli mpya kati ya Makutupora, Tabora na Isaka hayumo kwenye gwaride, wala binti anayelea watoto wa watu katika nyumba ya mjini. Ndiyo maana tunauliza: sheria inayolinda haki ya kuunda chama imewafikia akina nani, na imeishia wapi?

Haki yenyewe imeandikwa vizuri. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 20, inatambua uhuru wa watu kukutana na kujumuika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaeleza wazi katika kifungu cha 9 kwamba kila mwajiriwa ana haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali, na kwamba ni marufuku kumbagua kwa sababu ameitumia haki hiyo. Watu 20 wanatosha kuanzisha chama. Chama kilichosajiliwa kina haki ya kuingia mahali pa kazi, kukutana na wanachama na kuwa na wawakilishi wake hapo. Kikipata wingi wa wafanyakazi, mwajiri hupewa siku 30 baada ya taarifa kukutana nacho, na akikataa shauri huenda kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na hatimaye Mahakama ya Kazi. Nchi yetu imeridhia pia Mkataba Na. 87 wa mwaka 1948 na Mkataba Na. 98 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani, ambayo ndiyo mihimili ya haki hii duniani kote. Kwa upande wa maandishi, basi, hatuna cha kulalamika sana.

Ili kuelewa kwa nini maandishi hayatoshi, inatupasa kurudi nyuma, kabla hakujawa na sheria yoyote ya kazi iliyoandikwa katika nchi hii.

Katika karne ya 19 njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilitembea juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Ujira ulilipwa kwa nguo za merikani na kaniki, na njiani kulikuwa na posho. Wasafiri wa Ulaya waliopita hapa, Richard Burton mwaka 1857 na wengine baada yake, wamejaza vitabu vyao malalamiko juu ya watu hawa: wakaidi, watoro, wanagoma kuondoka kambini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti wake juu ya wapagazi uliotoka mwaka 2006, amesoma malalamiko hayo hayo kwa jicho lingine. Alichokiona humo ni desturi za kazi. Uzito wa mzigo ulikuwa na kipimo kinachojulikana. Posho ilikuwa na kiwango. Siku za kupumzika zilieleweka. Msafiri aliyepunguza posho au kuongeza mzigo aliamka asubuhi akakuta mizigo imelazwa chini na watu wameketi kando yake, wakingoja kusemeshwa.

Hatusemi hayo ili kuipamba njia ile. Njia hiyo hiyo ilipitisha mateka, na Wamisionari wa Afrika waliofika Tabora mwaka 1878 walikuta biashara ya watu inaendelea mbele ya macho yao; Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliitumia miaka yake ya mwisho kuipigia kelele huko Ulaya. Wamisionari wenyewe walifika huku kwa miguu ya wapagazi. Lakini ni katika kuwatazama wawili hao, mpagazi na mateka, wakipita njia moja, jua moja, pengine na uzito uleule begani, ndipo tunaona kitu ambacho vitabu vya sheria hukieleza kwa maneno mengi. Mzigo haukuwatofautisha, maana wote wawili walibeba. Waliachana pale ambapo mpagazi aliweza kuutua, yeye na wenzake kwa pamoja, na bwana wa msafara akalazimika kuzungumza.

Kuna neno moja lililobaki kwetu kutoka zama hizo, nalo limebadilika kwa namna inayofundisha. Katika misafara ya Wanyamwezi mnyampara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, mtu wao, anayewasemea kwa tajiri. Leo kwenye mashamba na maeneo ya ujenzi tunasema mnyapara, tukimaanisha msimamizi anayesimama juu ya vibarua kwa niaba ya tajiri. Neno limehama upande. Hatukumbuki kusikia mtu yeyote akilishangaa.

Waliolihamisha walitumia pia sheria. Baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi ilianza kufifia, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikairudisha kwa nguvu, safari hii bila hiari wala desturi. Serikali ya Kiingereza ikatunga mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, ambayo ilimfanya kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mkosaji wa jinai. Alichokuwa akikifanya mpagazi kwa desturi, yaani kuutua mzigo, sasa kilimpeleka gerezani. Vijana wa Unyamwezi na Kigoma walipochukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro waliitwa manamba, kwa namba walizoandikiwa. Mtu anayeitwa kwa namba hana wa kumsemea.

Mwaka 1947 mgomo ulianza bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba, ukafuata reli ya kati kuja bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya katibu mkuu wao Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Zilikuwa siku ngumu kwa familia nyingi za mji huu, ambao ndio njia panda ya reli ya Kigoma na ya Mwanza. Vyama hivyo ndivyo vilivyoipa TANU sehemu kubwa ya nguvu zake mijini. Uhuru ulipopatikana, mambo yakageuka haraka kuliko wengi walivyotazamia. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizoufanya mgomo halali kuwa kitu cha nadra sana, na Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Kawawa yule yule wa TFL. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na siku iliyofuata kikosi cha pili kikaasi hapa Tabora. Maasi yalipozimwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na chama kimoja tu, NUTA, kikaundwa kwa sheria ya Bunge. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na aliyeteuliwa kwanza alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi.

Tunaomba msomaji asiharakishe kuhukumu. Taifa lilikuwa changa, na waliokuwa na mishahara walikuwa wachache kati ya bahari ya wakulima. Hoja kwamba wachache hao wasijichotee keki ya wote ilikuwa hoja ya haki, na Mwalimu Nyerere, aliyefundisha shule ya Mtakatifu Maria hapa mjini, aliiamini kwa dhati. Lakini matokeo tunayajua. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama tawala, kisha OTTU mwaka 1991. Kwa karibu kizazi kizima mfanyakazi wa Tanzania alikuwa na chama ambacho hakukiunda. Alikatwa ada, akapewa kadi, akaambiwa viongozi wake ni akina nani. Ndipo sheria ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ikafungua tena mlango wa vyama huru, na shirikisho la sasa, TUCTA, likafuata.

Kwa hiyo haki hii inaweza kufa kwa kukatazwa, kama mwaka 1923, na inaweza kufa pia kwa kutunzwa kupita kiasi. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaligusa jambo hili moja kwa moja. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba kujiunga pamoja ni haki ya asili ya mwanadamu; dola iko ili kuilinda, haikuiumba, na haina mamlaka ya kuifuta. (Mwaka huo hapa kwetu Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa bado hajashindwa na Wajerumani.) Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alivihesabu vyama vya wafanyakazi kuwa kitu cha lazima katika maisha ya jamii za leo, akaonya vilevile visigeuzwe kuwa mikono ya vyama vya siasa. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, alipoeleza mwezi Mei 2025 kwa nini amechagua jina hilo, alimtaja kwanza Leo XIII na waraka huo. Hii ndiyo kanuni auni: ambacho watu wanaweza kukiunda wenyewe kutoka chini, mkubwa asikiunde kwa niaba yao.

Turudi sasa kwenye tumbaku, kwa sababu hapo ndipo sheria ya leo inapopungukiwa.

Kibarua wa msimu hufika kabla ya vitalu, mara nyingi akitoka Kigoma au Katavi, wakati mwingine na mke na watoto. Huandaa kitalu, hupandikiza, hupalilia, huvuna, hukata kuni za bani, hukausha, hupanga madaraja. Hupewa chakula, na ujira wake huahidiwa baada ya soko. Kwa desturi hiyo anaweza kufanya kazi miezi minane au zaidi bila kushika fedha yake. Hana karatasi. Ukimwuliza mkulima, atakuambia, na kwa unyofu kabisa, kwamba huyu si mwajiriwa, ni mtu anayemsaidia.

Sheria haikubaliani na jibu hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anafanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, au anapewa vifaa naye, au anamtegemea kwa riziki yake. Dalili moja kati ya hizo inatosha mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Kukosa karatasi hakumwangushi kibarua, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia mwajiri aliyeshindwa kuyaandika. Ugumu uko kwingine. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule. Basi anayefukuzwa mwezi wa nne kwa sababu amewaita wenzake kuzungumzia ujira bado ana kinga ya kutobaguliwa chini ya kifungu cha 9, lakini amenyang'anywa njia iliyo rahisi zaidi ya kudai. Na hata aliyevuka miezi hiyo ana siku 30 tu za kupeleka shauri la kuachishwa kazi mbele ya CMA. Mtu aliye kijijini Kaliua, asiye na nauli, ambaye ujira wake wote uko mfukoni mwa yule anayetaka kumshitaki, atazimaliza siku hizo akitafuta chakula.

Tena, chama cha kawaida hukua mahali ambapo watu 200 wanapita lango moja. Mkulima wa tumbaku ana vibarua wawili, watatu, watano. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kina mazoea ya mashamba makubwa ya mkonge, chai na maua. Hakiwezi kumfuata mwajiri mmoja mmoja porini. Na mkulima huyo mwenyewe si tajiri wa kiwanda. Soko likifunguliwa, fedha yake hupitia chama cha msingi, AMCOS, na hapo mkopo wa pembejeo hukatwa kabla hajaiona. Wenye kudai wamepanga mstari: pembejeo, makato ya ushirika, kisha mkulima, na mwisho kabisa, kikibaki kitu, yule aliyekata kuni za bani.

Rai yetu ni kwamba mstari huo ndio uguswe. Sheria inaruhusu waajiri wanne tu kuunda jumuiya ya waajiri na kuingia mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi. Wakulima wa AMCOS moja tayari wamekusanyika, tayari wana uongozi, tayari wana utaratibu wa makato. Wakijiandikisha kama waajiri, nao vibarua wa eneo hilo wakawa na tawi lao, mkataba mmoja wa msimu ungetosha kwa wote: ujira, chakula, malipo ya awali katikati ya msimu, na sharti kwamba ujira wa kibarua ukatwe pale pale sokoni kama unavyokatwa mkopo wa mbolea. Ikiwa mbolea ina dhamana, mtu aliyeimwaga akose kwa nini? Wakulima wasiogope pia. Wakiwa na mkataba unaoonyesha gharama halisi ya kazi, watakuwa na hoja mkononi wanapojadili bei na makampuni ya ununuzi.

Kwenye ujenzi mambo ni tofauti, na tutayapitia kwa kifupi. Huko watu ni wengi na lango lipo. Linalowatatiza ni kwamba mkandarasi mkubwa ana wakandarasi wasaidizi, nao wana mawakala wa vibarua, kiasi kwamba kijana hajui mwajiri wake ni nani hata mshahara unapochelewa. Matokeo yake ni mgomo wa ghafla, mawe na polisi. Mgomo halali unadai upatanishi mbele ya CMA, kura ya wanachama na taarifa ya saa 48. Mambo hayo hayawezekani bila chama. Kwa hiyo anayezuia chama anajinunulia fujo, na hatuoni faida aliyoipata.

Vyama navyo vina la kujibu. Wapo wafanyakazi wanaokatwa ada kila mwezi na hawajawahi kumwona kiongozi isipokuwa wakati wa uchaguzi. Wapo wanaokatwa ada ya uwakala bila kuwa wanachama, jambo ambalo sheria inaliruhusu, lakini ambalo linahitaji kuelezwa kwa mtu, tena kwa heshima, kabla hajaligundua mwenyewe kwenye hati ya mshahara. Chama kinachoishi kwa makato tu kinaanza kufanana na NUTA.

Na Kanisa? Sisi ni waajiri. Tuna shule, zahanati, hospitali, karakana, nyumba za mapadre zenye wapishi na walinzi. Sheria Na. 6 haikututoa nje. Waliotolewa ni majeshi ya ulinzi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki ni lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Kumwambia muuguzi kwamba hapa tuko kama familia, kwa hiyo chama cha nini, ni kulitumia vibaya neno familia. Katika familia watu husemezana. Muuguzi anayetaka mwakilishi anaomba kusemezana. Padre msimamizi akiletewa fomu ya kukata ada ya chama, wajibu wake ni kuisaini na kuifikisha fedha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kama sheria inavyotaka, bila kuuliza ni nani aliyewashawishi.

Parokia inaweza kufanya jambo lingine dogo zaidi, na pengine lenye manufaa zaidi. Isiunde chama, hilo ni la wafanyakazi wenyewe. Lakini ina ukumbi, ina kengele, ina vigango hadi ndani ya misitu ambako Afisa Kazi hafiki. Watu 20 hupatikana katika jumuiya ndogo ndogo mbili za kigango kimoja cha Urambo. Wakitaka mahali pa kukutana na afisa wa TPAWU au wa CMA baada ya Misa, wapewe ufunguo, na mkutano huo ufanyike kabla vitalu havijamwagiwa mbegu, yaani kabla ya Septemba, maana baada ya hapo kila mtu atakuwa amekwisha kukubali masharti ya msimu mzima kwa mdomo.